Mazoezini anapaa, siku ya mashindano anatapika

Barua za safari hii zimetoka sehemu mbalimbali za Uganda: Kapchorwa, Jinja, Bombo, Lira, Mbale na Kampala. Wanaoandika ni wazazi, makocha na kijana mmoja, na karibu wote wanalalamika kwamba mtoto ana miguu na pumzi lakini siku yenyewe ikifika moyo unamwangusha. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu wengi watajiona ndani yake.

Binti yangu ana miaka 15, anakimbia mita 1500. Mazoezini kocha humpima dakika 5 na sekunde chache. Siku ya mashindano ya shule hutapika asubuhi, huanza mbio kama anafukuzwa, na raundi ya mwisho hupitwa na wasichana anaowashinda kila wiki. Majirani wanasema ana moyo wa kuku. Nimsaidieje? Mama, Kapchorwa

Mama, jina hilo la moyo wa kuku lisitamkwe tena nyumbani kwako, hata kwa utani. Mtoto anayeitwa hivyo huenda uwanjani na kazi mbili: kukimbia, na kuwathibitishia watu kwamba si kuku.

Kinachomtapisha ni adrenalini. Mwili ukijua kuna jambo zito mbele huimwaga kwenye damu. Moyo hupiga kwa kasi, damu hukimbilia kwenye misuli, na tumbo hupunguza kazi ya kusaga, kwa hiyo chakula alichokula kwa kuchelewa hubaki juu na kurudi. Mabingwa nao hupata hali hiyo. Mwambie binti maneno haya wiki nzima kabla ya mbio: "Ukisikia tumbo linacheza, mwili unajiandaa." Ukimwambia "usiogope," ataanza kujichunguza kama anaogopa, na atajikuta anaogopa.

Halafu chakula. Mlo mkubwa uwe umeliwa saa 3 au 4 kabla ya mbio. Kama mbio ni saa 4 asubuhi, saa 1 asubuhi anywe uji na ale ndizi mbivu au mkate mkavu. Maharage, chapati na mayai ya kukaanga avipate baada ya mbio, kwa kuwa mafuta na maharage hukaa tumboni muda mrefu. Zikibaki dakika 60, nusu ndizi na maji mafunda machache yanatosha. Mpangilio huu aujaribu kwanza siku ya mazoezi magumu, maana siku ya mashindano si siku ya kugundua kwamba uji wa maziwa haumfai.

Pumzi hufundishwa nyumbani. Avute kwa pua akihesabu hadi 4, aitoe taratibu akihesabu hadi 6, kwa dakika 3. Zinakuja pumzi 6 hivi kwa dakika. Kule kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakoutuliza moyo. Wiki ya kwanza afanye kitandani kabla ya kulala, wiki ya pili afanye akiwa amesimama baada ya mazoezi, moyo ukiwa bado juu, na wiki ya tatu aipeleke kwenye mashindano. Wengi hukosea kwa kumfundisha mtoto pumzi hii kwenye mstari wa kuanzia. Hapo ataivuta kwa pupa, kichwa kitazunguka, vidole vitamchonyota, naye ataamini kwamba sasa anaumwa.

Jambo la tatu ni la kocha, na tunadhani ndilo linalomwangusha zaidi. Adrenalini ileile hudanganya miguu, kiasi kwamba kasi kali mwanzoni huonekana nyepesi. Dakika 5 kwa mita 1500 ni sekunde 20 kwa kila mita 100. Mita 300 za kwanza zitumie sekunde 60, akipita mita 700 saa isome 2:20, mita 1100 isome 3:40. Mtoto wa presha hukimbia zile 300 kwa sekunde 52, na hizo 8 alizoziiba huzilipa kwa riba kwenye raundi ya mwisho. Kocha ampe mita 300 mara 6, mapumziko dakika 2, bila saa mkononi. Akimaliza kila moja abashiri muda wake kabla ya kuambiwa. Akiweza kubashiri kwa tofauti ya sekunde 2 mara 5 kati ya 6, kocha aongeze ugumu: wenzake 3 waagizwe kwa siri kuanza kwa kasi ya kupindukia, naye awaache waende. Kuwaacha wenzako watangulie mita 15 huku umati unapiga kelele ni zoezi la akili kabisa, na hapo Kapchorwa hakuna asiyeweza kulipanga.

Siku yenyewe: dakika 40 kabla, mbio za taratibu dakika 10, kunyoosha viungo, kisha mita 80 za kasi mara 4. Dakika 10 za mwisho ni za pumzi. Kocha amwachie neno moja tu, kwa mfano "sitini." Wewe mama shughulikia maji, sweta na mazungumzo ya kawaida ya nyumbani. Mkimwelekeza wawili atasikia kelele.

Na mweleze habari za mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei, lakini mweleze zote. Tarehe 26 Machi 2017, Kololo jijini Kampala, mbele ya watu wake, Cheptegei aliongoza mbio za nyika za dunia hadi raundi ya mwisho, mwili ukamkatika, akamaliza wa 30. Agosti ya mwaka huohuo alichukua medali ya fedha mita 10,000 huko London, na mwaka 2019 alirudi kwenye mbio zilezile za nyika, safari hii Aarhus nchini Denmark, akashinda. Watoto wetu huhadithiwa medali tu. Ile nafasi ya 30 ndiyo inayomhusu binti yako leo.

Kama anatapika hata siku zisizo za mashindano, au anapungua uzito, mpeleke kituo cha afya. Hapo tatizo linaweza kuwa tumbo lenyewe.

Kijana wangu wa miaka 12 anacheza kiungo. Sijakosa mechi yake hata moja na humwelekeza toka pembeni, kwa sababu mpira naujua. Wiki iliyopita alimwambia mama yake nisije tena. Nimeumia sana. Baba, Jinja

Pole, Baba. Tunavyosoma barua yako, mtoto bado anakutaka wewe. Anachokikataa ni sauti ya pili. Kiungo anatakiwa kuangalia nyuma ya bega lake kabla mpira haujamfikia, ili ajue nafasi iko wapi. Kocha anasema "tulia nao," wewe unasema "piga!" Ile nusu sekunde ya kuchagua amtii nani inatosha kunyang'anywa mpira. Akinyang'anywa, anageuka kukuangalia badala ya kurudi kukaba.

Kwanza muombe radhi, kwa maneno machache: "Nilikuwa nakupigia kelele. Nikija tena nitakaa kimya. Utakapotaka nije, niambie." Usimharakishe jibu, hata likichukua wiki 3. Siku akikuita, kaa upande wa mbali na benchi, piga makofi kwa timu nzima, na uhesabu moyoni ni mara ngapi anageuka kukutafuta. Hesabu hiyo ikishuka mechi baada ya mechi, ujue anapona.

Safari ya kurudi nyumbani ndiyo inayoharibu zaidi kuliko mechi. Mtoto amechoka, amebanwa kwenye taksi au nyuma yako kwenye boda, hana pa kukimbilia, na hapo ndipo mzee anaanza kuchambua. Sema "Nimefurahi kukuona ukicheza," kisha zungumzeni mengine au mnyamaze. Mechi izungumzwe pale atakapoianzisha mwenyewe, tena akiwa ameshakula. Akiianzisha, muulize nini kilikwenda vizuri, nini kilikuwa kigumu, na anataka kujaribu nini mazoezi yajayo. Sikiliza majibu bila kuyasahihisha.

Wazazi wengi huahidi pesa kwa kila goli. Tunaomba muache. Kiungo anayelipwa kwa goli hupiga shuti pale alipotakiwa kutoa pasi, wenzake humchoka, na siku shilingi zikikosekana hamu nayo hupungua. Kama mkono unakuwasha kutoa zawadi, mpe kwa kile kilicho ndani ya uwezo wake: kufika mazoezini kwa wakati mwezi mzima, au kusafisha viatu vyake bila kuambiwa.

Mfungaji wangu wa netiboli hufunga 17 kati ya 20 mazoezini. Mechi ikibana, hasa robo ya mwisho, mpira unapiga mbele ya pete na kurudi. Nimemkumbusha mara mia apinde magoti. Tatizo nini? Kocha, Bombo

Mwalimu, huenda hilo la magoti ndilo linalomponza, lakini tusikisie. Mpime. Siku moja arushe 20 akiwa mzima. Siku ya pili akimbie mara 10 toka ukingo mmoja wa duara hadi mwingine, na papo hapo arushe 20. Siku ya tatu arushe 20 akiwa hajachoka, lakini timu nzima imesimama inamtazama na wewe unaandika matokeo kwa sauti. Akianguka siku ya pili, tatizo ni miguu: robo ya mwisho imemkuta hana nguvu ya kusukuma toka chini, mkono unabaki peke yake, mpira unakuwa mfupi. Huyo mpe mazoezi ya pumzi na ya mapaja. Akianguka siku ya tatu, tatizo ni mahali anapoelekeza mawazo.

Mrushaji aliyezoea hafikirii magoti, kama wewe usivyofikiria vidole unapofunga kamba za viatu. Presha ikija na kocha akitaja magoti, anaanza kuuongoza mwili kipande kwa kipande, na kitendo kilichokuwa kimoja kinakatika vipande. Mpe kazi nyingine ya kushika.

Sheria inampa sekunde 3 tu tangu aushike mpira, kwa hiyo utaratibu wake uingie ndani ya 2. Adake na kutua kwa miguu iliyotulia; atoe pumzi fupi kwa mdomo; macho yakae kwenye ukingo wa nyuma wa pete, na yabaki hapo karibu sekunde nzima; aseme moyoni "juu"; aachie. Wanaokosa kwa presha huwa wameshaangalia pete, beki na mwamuzi kabla mpira haujatoka mkononi. Na "juu" ni neno zuri kwa sababu pete iko mita 3.05 toka ardhini na ugonjwa wake ni kurusha mfupi.

Wiki ya kwanza arushe 40 kwa siku kwa utaratibu huo, peke yake. Wiki ya pili mwekee beki aliyeinua mikono kwa umbali wa kisheria wa mita 0.9. Wiki ya tatu piga filimbi katikati ya mazoezi mengine, tangaza "tumeachwa goli 1, imebaki dakika 1," wenzake wapige kelele, naye arushe mara moja tu. Fanya hivyo mara 3 au 4 kwa siku, bila taarifa. Ukimrundikia kelele zote siku ya kwanza atafundishwa kushindwa.

Akikosa awe na kitendo cha kufuta, mfano kupangusa viganja kwenye sketi mara moja, kisha macho kwenye mpira. Katika daftari lako andika nafasi alizopata, alizofunga, na ni mara ngapi alifuata utaratibu. Msifu kwa hilo la tatu hata siku aliyofunga chache. Na wewe, toka pembeni, neno lako liwe "juu" pekee.

Shuleni kwetu timu ikishindwa wanachapwa, au wanazungushwa uwanja raundi 20. Wanasema ndivyo wanavyokomaa. Ni kweli? Mwalimu wa michezo, Lira

Si kweli. Viboko shuleni vimekatazwa na Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016, na anayeona mtoto anaumizwa anaweza kupiga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto iitwayo Sauti. Hata tukiweka sheria pembeni, mtoto anayeogopa fimbo hucheza ili asikosee: hatoi pasi ngumu, hapigi shuti, hujificha nyuma ya wenzake. Utaona makosa yamepungua na ushindi pia. Raundi za adhabu zina ubaya wake wa ziada, kwani zinamfundisha kwamba kukimbia ni mateso, halafu kesho yake unataka akimbie kwa moyo. Mkishindwa, chagueni kosa 1 la timu na mlifanyie kazi dakika 20 mazoezi yajayo.

Nakimbia mita 400 za kuruka viunzi. Nikipangiwa njia ya 1 nakata tamaa kabla hata bastola haijalia. Mwanafunzi, kidato cha 5, Mbale

Mdogo wetu, John Akii-Bua alipangiwa njia ya 1 kwenye fainali ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Alishinda kwa sekunde 47.82, binadamu wa kwanza kuzikimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na dhahabu hiyo ilikuwa ya kwanza kwa Uganda.

Njia ya 1 ni ngumu kweli, kwa kuwa kona yake ni kali. Basi iwe mwenyeji wako: nusu ya mazoezi yako ya kona yafanyie humo kwa mwezi mzima, na uhesabu hatua zako kati ya viunzi ukiwa humo. Siku ukipangiwa njia hiyo, hatua unazo tayari.

Binti yangu wa miaka 14 alikuwa anashinda mita 200 na 400 kila mahali. Tangu mwaka jana muda wake haupungui. Kocha anasema amenenepa, ale mara moja kwa siku. Mtoto analia usiku. Mama, Mbale

Mama, kesho asubuhi mtoto ale. Hili halisubiri jibu refu, ila tutalifafanua.

Wasichana wengi hurefuka kwa kasi wakiwa na miaka 11 au 12, wavulana hufuata miaka 2 hivi baadaye. Baada ya hapo nyonga za msichana hupanuka na uzito huongezeka, kama inavyotakiwa, na misuli huchelewa kidogo kuuzoea mwili mpya. Muda kusimama mwaka mmoja au miwili ni jambo la kawaida kabisa. Aliyekuwa akishinda akiwa na miaka 11 mara nyingi alishinda kwa sababu alikomaa mapema, na sasa wenzake wamemfikia. Akiambiwa ukweli huu atapumua.

Kumnyima chakula huleta hasara tatu. Hedhi hukatika, mifupa hukosa nguvu na kuanza kupata nyufa kwenye muundi na nyayo, na usingizi na furaha huondoka. Ikipita miezi 3 bila hedhi, au akifika miaka 15 bila kuiona kabisa, aende hospitali. Aombewe pia kipimo cha damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma hufanana sana na uvivu: miguu mizito, pumzi fupi, hasira. Nyumbani mpe maharage, mukene (dagaa), mboga ya dodo (mchicha) na nyama inapopatikana, pamoja na chungwa. Chai aisubirishe saa nzima baada ya mlo, kwani huzuia chuma kuingia mwilini.

Usingizi nao uangaliwe. Umri wake unahitaji saa 8 hadi 10. Kama yuko bweni, taa zinazimwa saa 4 usiku na kengele inalia saa 11 alfajiri, analala 7. Mwombee nafasi ya kulala dakika 30 mchana siku za Jumamosi na Jumapili.

Kwa kocha nenda wewe mwenyewe, na mtoto asiwepo. Mwambie wazi kwamba uzito wa binti hautajadiliwa tena mbele ya wenzake, na muombe kwa miezi 6 ampime kwa vitu vingine: mwitiko wake kwenye kuanza, kupokezana kijiti, mkao wake kwenye kona. Mkimbiaji wetu Peruth Chemutai alikwenda Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 17, akaishia kwenye mchujo. Dhahabu yake ya mita 3000 za viunzi na maji aliipata Tokyo miaka 5 baadaye. Kocha akikataa kukusikia, mtafutie binti kocha mwingine.

Kijana wangu wa miaka 16 aliumia goti, daktari amesema miezi 6 bila mpira. Zimepita wiki 3, haongei, halali, anasema maisha yake yamekwisha. Nimpe muda? Baba, Kampala

Hapana, Baba, usisubiri. Huzuni ya siku chache baada ya jeraha ni ya kawaida. Ikizidi wiki 2, na usingizi umepotea, ni jambo la mhudumu wa afya. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na hapo Kampala ipo Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili.

Hayo maneno ya maisha kwisha muulize leo, moja kwa moja: "Unafikiria kufa, au kujiumiza?" Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, mara nyingi humpa nafuu ya kulisema. Akikubali, asiachwe peke yake, ondoa dawa za wadudu na vitu vyote vya hatari ndani ya nyumba, na mfike hospitali siku hiyohiyo.

Kocha naye amtembelee wiki hii, bila kuzungumzia tarehe ya kurudi. Ampe kazi halisi kwenye timu: kuhesabu pasi zinazopotea, au kusimamia mazoezi ya watoto wa chini akiwa ameketi. Wewe utakapomuuliza lile swali, zima redio, kaa chini usawa wake, na umwache amalize hata akinyamaza katikati.